Mininga Kumi na Tisa ya Ikonda

Mara ya kwanza kumwona Mama Eunice, niliziona nyayo zake kabla ya uso. Ilikuwa Julai, miaka michache iliyopita, nyuma ya ghala la chama cha wakulima wa tumbaku hapa kijijini kwetu Ushetu. Nilikuwa nimempelekea katibu wa chama ndoo mbili za asali. Pale nyuma umebaki mninga mmoja tu, watu hufungia punda wao hapo siku za kupima tumbaku. Juu yake, kwenye tawi ambalo mimi mwenyewe nisingelipanda bila kamba, alikuwepo mwanamke mzima, amevaa suruali chini ya gauni, nyayo zimepauka kwa vumbi.

Chini walisimama wanaume kama sita, wamekunja mikono.

"Mama, shuka! Chama hakina fungu la mazishi!" mmoja akapiga kelele.

"Nikianguka nitakuangukia wewe," sauti ikajibu toka juu. "Una kitambi kizuri, hata sitaumia."

Wakacheka. Mimi sikucheka, kwa sababu mimi huwa nacheka baadaye, nikishafika nyumbani.

"Wewe mwenye ndoo! Usisimame kama nguzo ya umeme. Tandaza hicho kitenge nipate pa kudondoshea."

Nikaweka ndoo chini, nikatandaza kitenge. Matunda ya mninga yakaanza kushuka. Kwa asiyeyajua, tunda la mninga ni bapa na la mviringo, upana wake kama kisahani cha chai. Katikati lina miiba kama mgongo wa nungunungu, na pembeni lina ubawa mwembamba mkavu. Likianguka haliji moja kwa moja, huzunguka kwanza. Nilisimama pale nikitazama yanavyozunguka mpaka shingo ikauma.

Aliposhuka nikamwona. Mwanamke wa miaka arobaini na kitu, mrefu, ana kovu dogo kidevuni na mikono iliyojaa mikwaruzo. Akanisalimia kwa Kisukuma, "Mwadila," nami nikaitikia kwa sauti ndogo hata yeye akageuza sikio.

"Huyu ni Wilbard, mrina asali," alisema katibu Deogratias. "Hakuna mti wa milima hii asioujua. Shida yake moja, hasemi."

"Hiyo si shida. Mimi nasema vya watu wawili."

Jina lake lilikuwa Limi, lakini kila mtu alimwita Mama Eunice kwa jina la binti yake wa pekee, aliyeolewa Katoro, upande wa Geita. Alikuwa ametoka Nyahanga, pale Kahama mjini, kwenye kitalu cha miche alichofanya kazi miaka kumi na minne. Viongozi wa kitalu walitaka miche yote iwe mikaratusi, kwa kuwa hukua upesi na mabani ya kukaushia tumbaku yanakula kuni bila kushiba. Yeye aliwaomba nusu ya kitalu iwe ya mninga. Wakamwambia sawa, mama, lete magunia mawili ya mbegu kabla Agosti haijaisha, tukupe nusu hiyo uisimamie mwenyewe. Usipoleta, ni mikaratusi kitalu kizima, na kazi yako imekwisha.

Deogratias alitueleza haya yote pale pale huku akitikisa kichwa. "Mama, mninga ukiupanda leo, watakaokalia kiti chake ni vitukuu."

"Basi na vitukuu wana matako," alisema Mama Eunice, akafunga kitenge chake. Mti ule ulikuwa umempa bakuli moja na nusu.

Akafikia kwa dada yangu Febronia, ambaye ana chumba cha wageni, na kesho yake alfajiri nikampitia na baiskeli. Kazi yangu ilikuwa kubeba maji na magunia, na kuonyesha njia.

Sasa lazima niseme jambo hili mapema, maana yote yaliyofuata yanatokana nalo. Mimi nilijua mininga ilipo. Magharibi mwa kijiji, mwendo wa saa tatu kwa miguu, kuna korongo linaitwa Ikonda, refu na lenye kuta za udongo mwekundu, na ndani yake ilisimama mininga kumi na tisa, mikubwa, inayozaa kila mwaka. Niliihesabu nikiwa darasa la tatu, nikaendelea kuihesabu kila kiangazi. Baba yangu alining'iniza mizinga yake humo, nami nikairithi. Aliponiachia aliniambia neno moja tu: mrina asali haonyeshi mtu njia ya mizinga yake, hata mkewe. Ukimwonyesha mmoja umewaonyesha wote, na mwaka unaofuata utakuta mizinga mitupu.

Siku ya kwanza nilinyamaza kwa ajili ya neno la baba. Ndivyo sisi warina asali tulivyo, hakuna wa kutulaumu. Lakini kufikia jioni ya siku ya pili sikuwa na sababu hiyo tena. Nilikuwa nimeshapiga hesabu kwamba Ikonda ingejaza magunia mawili kwa siku tatu, na siku ya nne Mama Eunice angerudi Nyahanga.

Nikampeleka Isagala, nikampeleka Nkanda, nikampeleka kilima cha mawe matatu ambacho hakina hata jina. Tulipanda kila kinachoweza kupandwa. Milima yetu si mirefu, lakini ni mawe matupu, na ikifika saa tano jiwe linachoma kama kikaango. Yeye alipanda pekupeku, ndala amezifunga shingoni kwa kamba.

"Jiwe lazima ulisikie," alisema. "Kiatu kinakudanganya."

Kwa kawaida tulipata mninga mmoja, pengine miwili, iliyoponea kwenye nyufa ambako shoka halifiki. Hakuchuma ovyo. Alipasua kwanza tunda moja kwa kisu changu, akatazama mbegu, akaing'ata kidogo. Ikiwa nzima, alichuma theluthi mbili na kuuachia mti theluthi moja. "Nao unazaa kwa ajili yake, si kwa ajili yangu," alisema. Siku ya tatu aligeuza mpini wa kisu akaona mistari miwili na kitone, vimechomwa kwa moto.

"Hii ni nini?"

"Alama yetu. Ya mizinga. Kila ukoo una yake."

"Kwa hiyo nikikuta mzinga wenye hii porini, ni wako."

"Ni wangu."

"Sijakuta hata mmoja."

Nikainama kufunga mdomo wa gunia. Akadhani ni ile tabia yangu.

Juu kabisa ya mlima alipenda kukaa, akala matobolwa, yale ya viazi vitamu vilivyokaushwa, na karanga, akauliza kila kinachoonekana. Lile bati linalong'aa ni la nani? Lile vumbi jeupe kule mbali?

"Wachimbaji wa dhahabu," nilimwambia.

Alilitazama muda mrefu. "Adam alikwenda huko. Baba yake Eunice. Mwaka wa kwanza akanitumia godoro kwa basi, jipya, na nailoni yake. Baada ya hapo kimya. Nikalilalia mwaka mmoja, mwaka wa pili nikampa jirani aliyejifungua."

"Hukumfuata?"

"Kumfuata mtu aliyetuma godoro ili asije yeye? Hapana, kaka Wilbard."

Nami nilikuwa na langu. Niliwahi kuoa. Aliondoka baada ya miaka miwili, akawaambia wazee wa pande zote mbili kwamba nyumba yangu ni kimya kuliko ghala. Wazee walinigeukia nijitetee, nikashindwa kusema neno, kesi ikaishia hapo. Nilitaka kumweleza Mama Eunice haya. Niliyapanga kichwani tokea juu ya mlima mpaka chini, tulipofika kwenye baiskeli nikasema, "Tairi la nyuma limepungua upepo."

Wiki ya tatu tulianza kushuka kwenye makorongo. Huko ni nchi nyingine. Juu kuna upepo na jua, lakini ukishuka unakuta mchanga mweupe wa mto uliokauka, na kuta zenye matundu ya ndege, ndefu kuliko nyumba, na mizizi inaning'inia kama kamba za kisima. Tulitembea ndani yake saa nzima bila kuona kitu kilicho hai zaidi ya mijusi. Maji yetu yakiisha nilifukua mchanga mpaka usawa wa kiwiko, tukasubiri yajikusanye, tukachota kwa kifuniko. Siku moja, tukiwa tumekaa kwenye kivuli cha ukuta tunasubiri maji, akanieleza kwa nini anautaka mninga.

Alikulia karibu na Shinyanga mjini, kwenye uwanda ambao miti ilikuwa imekwisha, ng'ombe akipotea unamwona kutoka umbali wa vijiji viwili. Baba yake alikuwa seremala, akinunua mbao kutoka huku kwetu na kutengeneza vitanda.

"Nilikuwa naokota maranda naweka chini ya mto wangu wa kulalia," alisema. "Yananukia, mwenyewe unajua. Nilijua harufu ya mninga miaka kumi kabla ya kuuona mti. Unajua nilidhani nini? Nilidhani mbao zinachimbwa, kama dhahabu. Kwamba kuna shimo Ushetu, watu wanaingia na tochi wanatoka na mbao."

Nikacheka. Nilicheka palepale, wala sikungoja kufika nyumbani. Akanigeukia.

"Kumbe una meno!"

Halafu akauliza, "Kiangazi kikiisha, wewe unafanya nini?"

"Nangoja maua. Kisha narina."

"Peke yako?"

"Na nyuki."

"Nyuki hawapiki ugali." Akachezea mchanga. "Mimi nikipata kile kitalu, kila kiangazi nitahitaji mbegu. Kila kiangazi, si hiki kimoja."

Nililisikia neno hilo, na ninalisikia hadi leo. Lakini wakati ule nililisikia kama habari za kazi. Tena akasema, bila kunitazama, "Gunia moja halijajaa, na Agosti inakwenda. Kweli hakuna mahali pengine unapopajua?"

"Hapana," nikasema.

Katika maisha yangu sijasema uongo mwingi, maana hata ukweli wenyewe huwa sisemi sana. Huo ulitoka upesi, mwepesi kama maji.

Nyumbani, Febronia hakuwa kipofu. Jioni moja alinikuta naziba pancha ambayo haikuwepo.

"Wewe, Wilbard. Unampeleka huyu mama kwenye mawe kila siku. Mbegu ziko kwenye mawe?"

"Ziko kidogo."

"Mwambie."

"Nimwambie nini?"

"Ee Mungu wangu! Ndevu zina mvi na bado anauliza nimwambie nini. Mwambie hicho kinachokufanya uoge mara mbili kwa siku wakati maji tunanunua!"

Nikakata shauri. Ningempeleka Ikonda, ningempa mininga yote kumi na tisa kwa mkupuo, na palepale, akiwa amefurahi, ningesema. Niliona ni njia nzuri. Mtu asiye na maneno huweka kitu mbele ili kimsemee. Siku hiyo ilikuwa tarehe ishirini na moja Agosti.

"Kesho twende magharibi," nikamwambia.

"Magharibi kuna nini?"

"Utaona."

Tulitoka nyota zikiwepo. Njiani aliimba. Tulipobakiza kama nusu saa, nikasikia harufu, si ya moshi mpya bali ya majivu yaliyolala. Nikaongeza hatua mpaka akaniambia, "Kaka, mimi si punda."

Wapasua mbao walikuwa wamefika kabla yetu, naamini kwa siku nne au tano. Toka ukingoni niliviona visiki. Mninga ukikatwa hutoa utomvu mwekundu, na kwenye visiki ulikuwa umegandia na kukauka. Walikuwa wamepasulia mbao mlemle kwenye mchanga, wakaondoka nazo, na matawi wakayatia moto, au moto wa wachungaji uliwafuata, sijui. Niliijua idadi, lakini nilihesabu hata hivyo. Kumi na tisa.

Mama Eunice alishuka kwanza. Akapiga magoti kwenye majivu, akaokota tunda moja jeusi lililobaki bila ubawa, akanyoosha mkono bila kugeuka. Nikampa kisu. Akalipasua. Ndani mbegu ilikuwa kama punje ya kahawa iliyosahaulika jikoni.

"Moto mdogo huusaidia mninga kuota," alisema. "Huu haukuwa moto mdogo."

Akapasua la pili, la tano, la kumi. Nilitaka kumwambia aache. Alipoinuka akazunguka kisiki kikubwa, mguu wake ukagonga kitu. Kilikuwa kipande cha mzinga, kimeungua upande mmoja, na upande uliopona kulikuwa na mistari miwili na kitone.

Akautazama mzinga. Akautazama mpini wa kisu mkononi mwake. Kisha akanitazama mimi, na mara hii aliyeanza kusema nilikuwa mimi.

"Baba aliniusia nisimwonyeshe mtu njia ya mizinga."

"Nakubali," alisema. "Hiyo naielewa, hata seremala ana siri zake. Lakini jana umeniambia twende. Wosia wa baba yako umekwisha lini?"

"Haukuwa wosia."

"Ulikuwa nini?"

Hapo ndipo palikuwa mahali pa kusema. Hakukuwa na mtu mwingine korongoni, hata ndege waliondoka. Nilifungua mdomo. Nilisema, "Ungemaliza upesi."

Alinisubiri. Nilijua ananisubiri niongeze. Jua likapanda ukuta wa korongo kwa kiasi cha shubiri, na sikuongeza. Akafuta kisu kwenye gauni lake, akanirudishia mpini ukiwa upande wangu, na tukarudi. Njia nzima hakuimba wala hakunisema. Ningeona nafuu kama angenisema.

Siku zilizobaki alikwenda peke yake, kwenye milima ya karibu tuliyoichuma tayari, akachuma zile theluthi alizokuwa ameiachia miti. Nilimwona kwa mbali juu ya Isagala, ndala shingoni. Mwisho wa mwezi alikuwa na gunia moja na robo. Deogratias alimsindikiza mwenyewe Nyahanga, akamtetea kama wakili, akawaambia viongozi mama huyu amepanda milima ambayo wao wangeipanda kwa picha tu. Hawakukubali. Kumbe walikuwa wameshaagiza mbegu za mikaratusi tangu Julai. Hilo Deogratias aliniambia baadaye, labda ili anipunguzie. Halikunipunguzia. Angewafikia na magunia mawili yaliyojaa, neno lao lingekuwa limewabana.

Gunia lile na robo yake hawakulitaka. Mama Eunice aligawa mbegu kwa watu waliomzunguka, konzi moja moja, na konzi yangu akamwachia Febronia. Nilizikwaruza mbegu hizo moja moja kwa kisu ili ziote, nikazitia kwenye viriba vya udongo nyuma ya nyumba. Arobaini na mbili. Zikaota tisa. Miche miwili ililiwa na mbuzi, mmoja ulikauka bila sababu. Sita ninayo mpaka leo, mirefu kiasi cha kiwiko, maana mninga kwa miaka ya mwanzo hukua kwenda chini, unaotesha mzizi, na juu unaonekana kama umekufa. Kila kiangazi shina hukauka, na kila mvua linachipua tena. Kila mwaka nasema huu sasa umekufa, na kila mwaka najionea aibu.

Sikumtafuta Katoro, alikokwenda kuishi kwa binti yake. Nimefika Kahama mara nyingi kuuza asali, na mabasi ya Geita yanasimama palepale yalipokuwa yakisimama, wapiga debe wananiita kwa jina. Febronia anasema amesikia Mama Eunice anapikia wachimbaji pamoja na binti yake, na wanampenda kwa mdomo wake. Naweza kuisikia sauti yake kabisa, jinsi anavyowajibu.

Siku anaondoka nilikwenda stendi ya Kahama. Hakuniomba, na Febronia hakunituma. Nilikuwa na lita tano za asali kwenye dumu, nimelifunga kwa mpira wa baiskeli. Alikuwa ameshakaa dirishani, begi magotini, amevaa viatu. Nilimpitishia dumu dirishani, akalipokea kwa mikono miwili kama inavyotakiwa.

"Asali ya wapi hii?" akauliza. "Si mizinga yako imeungua?"

"Ni ya mwaka jana. Ya Ikonda. Ndiyo ya mwisho."

Akafungua kifuniko, akanusa, akafunga. Konda akapiga bodi ya basi kwa kiganja. Nilishika ukingo wa dirisha, nikatembea pamoja na basi hatua chache, kama mtu aliyesahau kuachia.

"Limi," nikasema. Nilikuwa sijawahi kumwita hivyo.

Akainama mpaka uso wake ukawa karibu na mkono wangu.

"Ungenipeleka siku ya kwanza, Wilbard," akasema, "ningejaza magunia yangu siku tatu, na bado ningekaa."